Kutoka Bukavu Mpaka Katana: Majani ya Kuku Nyuma ya Nyumba



Barabara ya kutoka Bukavu kwenda Katana wengi wetu tunaijua. Tunaipita tukienda kwenye kilio, tukipeleka watoto kwa nyanya zao, ao tukienda kununua vitu Mudaka. Lakini mara nyingi tunabanana ndani ya gari, mizigo iko juu ya magoti, na hatuoni kinachoota kando ya njia. Siku ya posho iliyopita, sisi wamama tisa wa muungano tuliifuata barabara hiyo kwa shabaha moja: kuona wenzetu wa Kabare wanawapa kuku majani gani, na wanayapanda wapi wakati parsela ni ndogo.

Mambo mawili yalitusukuma. La kwanza ni bei ya chakula. Kuku wa kizungu wa kutaga anakula karibu gramu 110 mpaka 120 kwa siku. Ukiwa na kuku 10, kila siku zaidi ya kilo moja inaondoka, na kila wiki karibu kilo 8. Mahindi, soja na sambaza mkavu vyote vinanunuliwa, na sambaza huyo watoto pia wanamungojea. La pili ni masikilizano na majirani. Kule Kadutu na Bagira, ukuta wa mama mmoja ndio ukuta wa mwenzake. Kuku akifunguliwa, anakwenda moja kwa moja kwenye lengalenga ya jirani. Akifungwa bila majani, kiini cha yai kinapauka, na kuku wanaokaa bila kazi wanaanza kudonoana manyoya. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure tangu mwaka wa 2019, lakini sekondari inalipwa, na katika nyumba nyingi za muungano wetu yai ndilo linalolipa. Kwa hiyo swali la majani ya kuku si swali dogo.

MUDAKA: KINACHOTUPWA SOKONI

Tulishuka kwanza Mudaka. Soko lilikuwa limejaa: ndizi, mihogo, vitunguu, shu zilizopangwa kama matofali. Wauzaji wa shu wanatoa majani ya nje ili zionekane safi, na majani hayo yanabaki chini. Mama mmoja alikuwa anayaokota ndani ya mufuko. Tulimuuliza, akasema ni ya kuku zake, na kwamba anachagua wauzaji. Shu iliyopulizwa dawa ya wadudu siku chache zilizopita haigusi. Anauliza kwanza, kiisha anaosha, kiisha anakata.

Alitufundisha jambo lingine. Majani hayatupwi chini. Anayafunga fungu kwa kamba na kuyatundika juu kidogo kupita kichwa cha kuku. Kuku anaruka, anadonoa, anapata mazoezi, na majani hayachanganyiki na mavi ambamo mayai ya minyoo yanakaa. Ni kamba moja tu, haina gharama.

MITI: KUKU SI NGOMBE

Kutoka Mudaka njia inaendelea mpaka Miti, mahali ambapo njia ya Bunyakiri inakata kwenda upande wa Tshivanga na mbuga ya Kahuzi-Biega. Hewa inakuwa ya baridi. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu metre 1.460 juu ya bahari, na huku tulikuwa tumepanda kulipita. Kando ya mashamba tuliona mistari ya majani marefu yanayozuia udongo usitelemke na mvua, ambayo watu wanakata kwa ngombe, mbuzi na dende.

Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini tusiwapelekee kuku majani hayo, maana ni mengi. Jibu liko tumboni. Ngombe ana tumbo lenye vyumba vinne, anakula na kucheua, na hata jani gumu linalainika. Kuku hana meno wala hacheui; ana firigisi tu, ambamo vijiwe vidogo vinasaga chakula. Jani gumu na refu linaweza kuziba koo lake. Kuku anapashwa kupewa majani machanga na laini, na vifaranga wanakatiwa vipande vidogo sana. Tena kuku aliyefungwa ndani apewe mchanga wenye vijiwe, la sivyo majani hayasagiki vizuri.

KAVUMU: TUTA LA VIPANDE VITATU

Kavumu tuliingia parsela ya mama ambaye ni mwalimu kama sisi. Nyuma ya jikoni ana tuta moja la metre 1 kwa metre 6. Amelikata vipande vitatu, na vyote vina lengalenga. Mbegu za lengalenga ni ndogo sana, kwa hiyo anazichanganya na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, zisianguke zote mahali pamoja. Kisha wiki tatu ao nne anaanza kukata. Hang’oi. Anaacha kisiki cha sentimetre 10 mpaka 15, na kisiki kinatoa matawi mapya. Kila wiki anakata kipande kimoja tu. Akirudi kwenye kile cha kwanza, wiki tatu zimekwisha kupita na majani yamerudi.

Kando ya uzio amepanda matembele. Anachukua kamba ya viazi ya sentimetre 30 hivi, anafukia vifundo vitatu ao vine, na inashika. Anayemaliza majani yote ya shina moja anaharibu viazi vilivyo chini, kwa hiyo anachuma kidogo huku na kidogo kule.

Kilichotushangaza kuliko vyote ni kisanduku chake cha mbao. Hakina chini wala kifuniko, na kimo chake ni sentimetre 15. Juu amepigilia wavu wa chuma. Anakiweka juu ya majani yaliyoota ndani ya uwanja wa kuku. Jani likipita juu ya wavu, kuku anadonoa ncha. Mizizi iko salama, kwa sababu miguu haifiki kuchimbua. Tulikipima wote tisa kwa mikono yetu.

Udongo wa tuta hilo unakula nini? Mavi ya kuku hayamwagwi yakiwa mabichi, yanachoma mimea. Anayachanganya na majani makavu na majivu kidogo, anayaacha yaoze kwa miezi miwili ao mitatu. Tena anakata ule mti mdogo wenye maua ya njano kama alizeti, unaoota kila mahali kando ya njia zetu. Anafukia majani yake udongoni yakiwa mabichi, kwa maana yanaoza upesi na kuacha mbolea nzuri.

LWIRO: MAJANI YANAYOUA

Kutoka Kavumu ni karibu kufika Lwiro, mahali pa kituo cha utafiti ambacho kazi yake ilianza wakati wa Wabelgiji, mwaka wa 1947. Tulikaa chini ya miti, tukala mahindi ya kuchoma, na tukaandika pamoja orodha ya vitu ambavyo kuku hapashwi kupewa. Tunawaachia hapa, muikate na kuibandika jikoni.

Avoka: majani, ganda na mbegu yake ni sumu kwa ndege. Parsela nyingi za Kivu zina muti wa avoka, basi tuzungushie uzio.

Sombe mbichi ya mihogo michungu: ina sumu ileile inayotufanya tuipike kwa muda mrefu. Ikatwe, ianikwe mpaka ikauke kabisa, na hata hivyo ichanganywe kidogo tu na chakula kingine.

Mtama unaoanza kuota: mche wake mchanga una sumu ya namna hiyo. Anayetaka kuotesha nafaka kwa ajili ya kuku achukue mahindi, ayaloweke usiku mmoja, ayatandaze na kuyanyunyizia maji. Akiona ukungu, atupe yote.

Maharagi mabichi, hata yaliyokauka: mpaka yachemshwe vizuri.

Viazi vya kizungu vilivyogeuka kijani, pamoja na majani yake.

KATANA: SUFURIA KWANZA

Katana tulipokelewa na mama mjane mwenye kuku 14 wa kienyeji. Alitueleza ugomvi wake. Zamani kuku zake zilizunguka ovyo, na zilikula maharagi ya jirani mara mbili. Mara ya tatu jirani alimpiga kuku mmoja kwa jembe. Watu wakaitwa, mkubwa wa kijiji akaketi kati yao. Mama huyo akajenga uzio wa matete na kuzifunga. Leo jirani huyohuyo, anapopalilia, analeta magugu laini na kuyarusha juu ya uzio, na kila mwezi mama anamutumia mayai. Magugu yaliyokuwa shida ya jirani yakawa chakula cha kuku, na wote wawili wakapata faida.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja aliuliza lile swali ambalo tulikuwa tunalizunguka tangu asubuhi: je, ni haki kuwapa kuku lengalenga wakati kuna watoto katika kijiji hiki wanaolala na bugali bila mboga? Tulinyamaza. Mama wa Katana akajibu: «Sufuria kwanza, kuku kiisha.» Ncha laini zinaingia kwenye sufuria. Mashina, majani yaliyotobolewa na wadudu, na miche inayong’olewa ili mingine ipate nafasi, hivyo ndivyo vya kuku.

Wengine wetu hawakuridhika. Walisema kwamba kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, mvua ikikatika, hata mashina yanapikwa. Hatukupatana wote. Lakini tulikubaliana hili: kiangazi, kuku wapewe kwanza magugu ambayo mtu hali, yanayobaki mabichi kwenye mabonde yenye maji, na kila mama anayefuga aongeze tuta moja, si kuhamisha lile la watoto.

Tuwe na kiasi pia. Majani mabichi sehemu kubwa ni maji. Yanatoa rangi ya kiini, vitamini na afya, lakini hayachukui nafasi ya mahindi na soja ya kukaangwa. Kiganja kimoja kwa kuku mmoja kwa siku kinatosha. Wala majani si chanjo: ugonjwa wa Newcastle unafagia kuku wa kijiji kizima, na anayeuzuia ni mganga wa mifugo mwenye dawa yake.

Tulirudi na kamba za matembele ndani ya mufuko uliolowa maji, na mbegu za lengalenga ndani ya karatasi. Zitagawanywa kwenye mkutano wa siku ya posho inayokuja. Kila mama alete gopo moja la mchanga mkavu wa kuchanganyia mbegu, na awe amekwisha kupima mahali pa tuta lake, hata kama ni metre moja tu. Yule ambaye hana parsela aje na mufuko wa zamani wa mchele. Tutaujaza udongo pamoja.