Mzinga na Bega

Mimi ni mtu wa Tabora, mji wa wapagazi. Nilipofika Mombasa nilisimama nje ya Ngome ya Yesu, mbele ya mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoangamia katika mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi iliopolewa majini ikapelekwa vitani barani. Mmoja ulifika hata Kigoma. Palipokuwa na reli, ilichukuliwa na reli. Pasipokuwa na reli, ilikokotwa na watu kwa kamba.

Wanyamwezi, waliozoea kuchukua pembe za ndovu toka Ujiji mpaka Bagamoyo, sasa walitwishwa vita. Tabora ilitekwa na jeshi la Kongo ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, na wapagazi wa pande zote walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi. Baba wa babu yangu aliondoka na mzigo, hakurudi. Kaburi lake hatulijui.

Sanamu ya Dar es Salaam ya mwaka 1927 huwataja wapagazi kwa maandishi, lakini umbo lake ni la askari na bunduki yake.

Mzinga uliostaafu hupewa kiti cha heshima langoni; bega lililochubuka halikuachiwa hata jina. Kwa hiyo kila nionapo mzinga langoni, siustaajabii ukubwa wake. Hujiuliza ni nani aliyeubeba.