Alimentasyo ya ordinateri yetu



Ordinateri ya chama imebaki na kitu kimoja tu. Boksi tunalo, kadi-mama tunayo, na prosesa, memori na diski tumekwisha kupata, vyote vya okazyo lakini vizima. Kilichobaki ni kile kisanduku cha chuma kinachokaa nyuma ya mashini na kupokea umeme wa ukutani, ambacho mafundi wa hapa Goma wanakiita alimentasyo. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Wamama wengine wanauliza kwa nini sisi tuliotumwa sokoni tulirudi bila kununua kile cha dola 10, nasi tukaomba tuongezewe mpaka dola 28. Dola 18 si kidogo kwa mama anayeuza makala au sambaza. Basi tuelezane.

Umeme wa ukutani kwetu ni volti 220. Ndani ya ordinateri hakuna kinachoweza kula volti 220. Prosesa, diski na vingine vinataka volti 12, volti 5 na volti 3.3, tena zisizoyumba. Alimentasyo ndiyo inayopokea ule umeme mkali, inaupunguza na kuugawa, kama mama anayegawa sahani ili kila mtoto apate kipimo chake. Ikiwa dhaifu, mashini inazimika katikati ya kazi. Ikiwa mbaya kabisa, siku inapokufa inaweza kupitisha umeme usiofaa na kuua kadi-mama na diski pamoja nayo. Ndiyo sababu tulikataa kubana matumizi mahali hapo. Kadi-mama na diski ni makuta ya mwaka mzima wa likelemba, na tangu benki za mji zilipofungwa Januari 2025 hatuna mahali pa kukimbilia mkopo vikiungua.

Hesabu yenyewe haikutushinda. Ni kujumlisha tu, kazi ya darasa la tatu. Prosesa yetu ni Core i5-3470, na Intel wenyewe wanaiandikia wati 77. Kadi-mama tuliiwekea 40, diski 25 kwa sababu wakati wa kuwaka inavuta zaidi, memori na feni 15. Jumla ni 157. Sekrani na emprimante hazimo, maana kila moja ina kamba yake ya kwenda ukutani. Mama mmoja aliuliza hilo na lilikuwa swali zuri. Hatukupenda alimentasyo ifanye kazi ikiwa imejaa hadi mdomoni, kwa hiyo tukaamua kutafuta ya wati 300 au zaidi kidogo. Wati 600 ni za vijana wanaocheza michezo yenye picha nzito. Sisi tunataka kupiga mashini mitihani ya watoto na barua za chama.

Sasa ile ya dola 10. Juu yake imeandikwa 500 kwa maandishi makubwa. Lakini pembeni kuna karatasi yenye kijedwali, na kwenye mstari wa volti 12 imeandikwa ampere 14. Zidisheni: 12 mara 14 ni 168. Katika ordinateri ya siku hizi karibu kazi yote kubwa iko kwenye volti 12, kwa hiyo zile 500 ni mapambo. Ya dola 28 imeandikwa 350 tu, lakini mstari wake wa volti 12 una ampere 25, yaani wati 300. Tukaomba pia mizani kwa mama muuza maharagwe aliye jirani na duka. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Wepesi peke yake hauhukumu, ila mara nyingi unaonyesha kwamba ndani wamepunguza shaba na vile vipande vya chuma vinavyopozesha. Muuzaji alicheka kuona alimentasyo juu ya mizani ya maharagwe. Na acheke.

Kuna mitego mingine ambayo mtu akienda sokoni peke yake aiangalie. Nyuma ya alimentasyo nyingi za zamani kuna kitufe chekundu kidogo chenye 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Zile zilizotumika Marekani huwa zimeachwa kwenye 115. Ukiichomeka hapa hivyohivyo utasikia mlio kama wa risasi, nasi mjini hapa hatuhitaji milio zaidi. Kisukume kwenye 230 kabla ya kugusa kamba. Zile mpya zinazoandikwa 100 mpaka 240 zinajipanga zenyewe.

Halafu vichomekeo. Kadi-mama yetu inataka kile kikubwa cha pini 24, na kingine kidogo cha pini 4 karibu na prosesa. Watu wanakisahau hicho kidogo, kisha wanasema mashini imekufa. Diski inataka kile chembamba cha SATA. Tena jihadharini na alimentasyo zilizotolewa ndani ya ordinateri za ofisi. Nyingi za HP na Dell zina umbo lao au pini zao. Kuna Dell za miaka ya mwisho ya 1990 ambazo kichomekeo chao kinaingia vizuri kabisa kwenye kadi-mama ya kawaida, lakini nyaya zimepangwa kwa namna nyingine, na ukiwasha unachoma. Kuingia si kufaa.

Mambo ya Goma yenyewe nayo yana uzito. Tangu kiwanda cha Matebe, kule Rutshuru, kilipozinduliwa Desemba 2015, kartiye nyingi zimepata umeme ambao wazazi wetu hawakuuota. Lakini umeme wowote ukikatika na kurudi, unarudi kwa kishindo, na jioni wakati kila nyumba imewasha resho, volti zinashuka. Mnakumbuka Januari 2025, vita ilipokata nyaya, tulikaa gizani siku nyingi. Kwa hiyo regilateri itakuwa kati ya ukuta na mashini, na umeme ukikatika tunachomoa kwanza, tunangoja urudi na utulie, ndipo tunachomeka.

Jambo la mwisho ni ardhi. Wengi wetu tumejenga juu ya makoro, na kupigilia chuma cha kuingiza umeme ardhini kwenye jiwe la volkano ni taabu, basi nyumba nyingi hazina. Ndiyo sababu ukigusa boksi la ordinateri kwa mkono wenye maji unasikia linakuuma kidogo. Wengine wanasema ni uchawi wa mashini mbovu. Hapana, hata alimentasyo nzuri inafanya hivyo pasipokuwa na ardhi. Fundi wa kartiye amekubali kutuchimbia katika kipande cha udongo kilicho nyuma ya chumba cha mikutano, karibu na mgomba. Watoto wasiguse nyuma ya mashini. Na mtu yeyote asifungue kile kisanduku hata kikiwa kimechomolewa, maana umeme unabaki ndani kwa muda.

Mama mshika-sanduku ametuambia zimebaki dola 21. Zinapungua 7. Zikipatikana Jumamosi, Jumatatu tunarudi sokoni na mizani yetu, na mitihani ya muhula huu hatutaipeleka tena kwenye duka la kuchapa.