Nira na Mfereji

Msomaji kijana, nataka nikusimulie habari za serikali moja ambayo haikutoza kodi, haikuwa na askari wala gereza, lakini ilinifunza mimi, mwalimu wake, jambo ambalo sikulipata katika chuo cha ualimu. Serikali hiyo ilikuwa ya mchezo.

Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha historia katika shule moja ya Mwea, kwenye uwanda wa mpunga ulio kusini ya Mlima Kenya. Nilikuwa nimesoma juu ya mchezo wa intaneti uitwao NationStates, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwandishi wa Australia, Max Barry. Kila mchezaji huunda taifa lake, huletewa mambo ya kuamua, na kila uamuzi hulibadili taifa hilo. Nikawaza: kwa nini wanafunzi wangu wasiwe na taifa lao? Tukaunda nchi isiyo katika ramani yoyote, tukatunga katiba, tukagawana vyama. Miswada iliandikwa na kujibiwa kwa tarakilishi za shule siku za juma. Ijumaa jioni Bunge lilikutana kusema kwa vinywa.

Chama cha maendeleo kilijaa upesi kama kapu la sokoni. Chama cha wahafidhina kilikosa watu. Kila kijana alitaka kubadili kitu. Hakuna aliyetaka kulinda kitu. Sina budi kuungama kosa langu: niliwapeleka huko wanafunzi tisa niliowadhania kuwa wazito wa kufikiri, ili upinzani upate kuonekana tu. Kiongozi wao akawa msichana mmoja wa kidato cha tatu, mpole, ambaye shamba la wazazi wake lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji.

Mswada wa kwanza ulisema kwamba zamu za maji zifutwe, na kila mkulima afungulie maji wakati atakapo, kwa sababu zamu ni masalio ya ukoloni. Bunge lilishangilia. Kusema kweli, hoja haikuwa tupu. Mifereji ya kwanza ya Mwea ilichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya mahabusu. Hata baada ya uhuru, mkulima aliishi kama mpangaji wa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji: Bodi ilitoa maji, ikachukua mpunga, ikapanga bei.

Yule msichana akasimama. "Mheshimiwa Spika," alisema, "nani kati yetu amewahi kukesha mferejini usiku wa zamu? Aliye juu hahitaji sheria, kwa maana maji hupita mlangoni pake. Aliye chini hana kitu ila zamu. Mkiifuta, hamtakuwa mmemwondoa mkoloni. Mtakuwa mmemweka jirani yangu mahali pake."

Chumba kilinyamaza. Nami nilinyamaza, kwa kuwa mwanafunzi niliyemdharau alikuwa amenieleza historia ambayo mimi ndiye niliyelipwa kuieleza. Mwaka 1998 wakulima wa Mwea walikataa kuupeleka mpunga wao kwa Bodi, wakashika uendeshaji wenyewe kupitia ushirika wao. Walikuwa na haki. Mtu alimaye hana budi kuwa na sauti juu ya jasho lake. Lakini mifereji iliendelea kujaa tope, nayo maji yaliendelea kuhitaji msimamizi. Miaka michache baadaye Bodi na wakulima walirudi kugawana kazi. Nira ilistahili kuvunjwa. Mfereji ulistahili kulindwa. Kazi ngumu ilikuwa kutambua kipi ni nira na kipi ni mfereji.

Kazi hiyo ndiyo kazi ya mhafidhina mwema. Mwaka 1790 Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, aliandika kitabu cha kuyalaumu mapinduzi ya Ufaransa, akiwaonya watu wasibomoe kwa siku moja kilichojengwa na vizazi. Lakini Burke huyo huyo alikuwa amewatetea Wamarekani Bungeni walipolalamikia kodi. Hakukataa kila badiliko. Wahenga wetu nao walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mbacha uliooza usitupwe.

Mtihani wa pili ulikuwa mkali zaidi. Uliletwa mswada kwamba binti arithi ardhi sawa na ndugu yake wa kiume. Wavulana wa chama cha wahafidhina walimwandikia kiongozi wao hotuba ya kupinga: mila ni mila. Aliisoma karatasi ile kimya, kisha akaikunja. Akawauliza wenzake, "Zamu ya maji ilimlinda nani?" Wakajibu, "Aliye mwisho wa mfereji." Akauliza tena, "Na mila hii inamlinda nani?" Hawakujibu. Watano walipiga kura pamoja naye. Watatu walikihama chama siku ile ile, wakisema amewasaliti. Mswada ulipita, lakini yeye alitoka Bungeni bila furaha.

Nilimfuata nje nikampongeza. Nikamkumbusha kwamba jambo hilo si la mchezo tu: Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimtengi binti wa mtu aliyefariki bila wasia, na Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi wa kijinsia katika mila zihusuzo ardhi. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Asante, Mwalimu. Bungeni nimeshinda. Nyumbani nina kaka watatu, na baba hajasema neno."

Sikuwa na la kumjibu. Toka siku hiyo sijampeleka mwanafunzi yeyote katika chama kwa kumdhania mzito.

Msomaji wangu, siku moja kura yako itakuwa kura kweli. Watakuja watu watakaokuambia kwamba kila cha kale ni kibovu, na wengine watakaokuambia kwamba kila cha kale ni kitakatifu. Usiwaamini hao wala hawa kabla ya kuuliza swali la yule msichana: kitu hiki kinamlinda nani? Ukiona kinamlinda aliye mwisho wa mfereji, simama ukitetee hata ukibaki peke yako. Ukiona kinamlinda aliye juu tu, kiache, hata kama ni cha chama chako, na hata kama ni cha nyumba yako.