Magurudumu Mapana

Jumamosi, 6 Aprili 2024

Upepo wa leo hata kunguru hajathubutu. Nimeshinda ndani na saumu yangu, ndege yangu ndogo ya rimoti, mfano wa Hurricane, imelala chali mezani juu ya taulo. Mabawa yake ni mita moja na nusu, kama moja kwa nane ya ile ya kivita yenyewe iliyokuwa na mita 12.2. Mwili ni wa povu gumu, mota ni ya umeme, miguu inajikunja. Ukiwa umesahau miwani, ni ya mwaka 1940 kabisa.

Kazi ya leo ilikuwa kuisawazisha. Unatia alama mbili za kalamu chini ya mabawa, pale kitabu kinaposema kitovu cha uzito kiwe, kisha unaiinua kwa ncha za vidole viwili na kuitazama pua. Mkia ulishuka. Hurricane ina pua fupi, na kila gramu iliyoko mkiani inadai fidia mbele. Betri nimeisogeza hadi ikagota, bado. Nikabandika vipande vya risasi ndani ya pua, kidogo kidogo, mpaka ikainama chembe. Mama watoto alipoona mizani yake ya unga imebeba risasi akauliza kama nimefungua duka la zana za uvuvi. Acheke tu. Pua nzito inachosha mkono, lakini mkia mzito haukupi nafasi ya kujuta.

Namba yangu ya usajili imeshabandikwa tumboni mwa ndege, kama sheria ya hapa Uingereza inavyotaka.

Jumapili, 14 Aprili

Idi imepita, tumbo bado lina biriani. Uwanja ulikuwa mkavu, nyasi fupi, upepo mwepesi ukija moja kwa moja kutoka mwisho wa njia. Mzee wa klabu, aliyekuwa fundi wa ndege jeshini, alisimama begani kwangu kama shahidi wa ndoa.

Kupaa hakuna makuu. Unaongeza nguvu polepole. Propela inataka kuipeleka pua kushoto, unaizuia kwa usukani wa mkia. Mkia unanyanyuka, unangoja, ndege inaondoka yenyewe. Nikakunja miguu. Ilipopita mbele yetu kwa kimo cha paa, jua likiwaka ubavuni, nikaona pesa zangu zilikokwenda, wala sizidai.

Kazi iko kwenye kutua. Ndege ya kujifunzia, ile yenye bawa juu ya mwili, ukiizima mota inaelea na kushuka kwa adabu. Ndege ya kivita haina hisani hiyo. Ni nzito kwa ukubwa wake, na ile propela pana inageuka breki mara tu nguvu ikiondoka. Ukiizima mbali, inashuka kabla ya kufika. Ukivuta pua ili ifike, ndiyo umeiua.

Hivyo unaanza mapema, ukiwa bado unakwenda na upepo. Shusha miguu, hakikisha kwa macho kwamba yote miwili imetoka. Shusha flapu nusu. Pua itataka kupanda, ishike. Kisha geuka kwa upana, bila haraka, maana kona ile ya mwisho ndiyo kaburi la ndege za kivita, kubwa kwa ndogo. Ndege ikilala nyuzi 60 kwenye kona bila kupoteza kimo, mabawa yanabeba mzigo maradufu, na kasi ya chini kabisa ya kuiweka hewani inapanda kwa karibu asilimia 41. Rubani aliyesimama chini hasikii mzigo huo kwenye kiti, kwa kuwa hana kiti. Anachoona ni ndege inayozama, basi anavuta. Bawa moja linaachia hewa kabla ya jingine, ndege inajipindua chali, na kimo cha kuiokoa hakipo. Dawa ni kulegeza mkono, kunyoosha mabawa na kutia nguvu, mambo matatu ambayo moyo unayakataa wakati huo.

"Usiizime," Mzee akawa anarudia. "Bado. Bado."

Theluthi ya nguvu, pua chini kidogo. Karibu na ardhi upepo hupungua, na ndege iliyokuwa ikielea juu yake huona mto umeondolewa ghafla; ndiyo maana ya kubakisha kasi. Ilipovuka ukingo wa nyasi, kimo cha goti, nikaiondoa nguvu taratibu na kuanza kuvuta, unywele kwa unywele. Magurudumu ya mbele yakagusa, ndege ikadunda mara moja, ikagusa tena, mkia ukakaa.

Mzee akasema "Mm," akaenda kunywa chai.

Jumamosi, 20 Aprili

Betri tu leo. Kila betri ina seli nne, kila seli volti 4.2 ikijaa. Betri zisizotumika nimezirudisha kwenye 3.8 kwa kila seli na kuziweka ndani ya mfuko usioshika moto. Rimoti nimeiwekea kengele ya dakika tano. Betri haiishi hapo. Nataka ibaki na nguvu ya kukataa kutua, kuzunguka na kujaribu upya. Wengi uwanjani hufika mwisho wakiwa na nafasi moja tu, na anayejua ana nafasi moja mkono wake hukakamaa.

Jumapili, 5 Mei

Jamaa mmoja alileta Spitfire. Sote tuliacha vikombe. Umbo lile, hasa bawa la duaradufu, halina mpinzani, na mwenyewe anajua kurusha. Akaitua vizuri kabisa. Kisha, ikiwa inakimbia kwenye nyasi, ncha ya bawa ikachota chini, ikazunguka nusu duara, propela ikakatika. Hakuna aliyecheka.

Kosa si lake, ni la miguu. Miguu ya Spitfire imefungwa karibu na mwili na hukunjwa kuelekea nje, hivyo chini magurudumu yanasimama yamebanana. Messerschmitt Bf 109 ya Wajerumani nayo ni hivyo hivyo, na nyingi zilipotea katika kupaa na kutua. Sydney Camm wa kampuni ya Hawker aliipachika miguu ya Hurricane mbali, kwenye mabawa, ikakunjwa kuelekea ndani. Ndiyo maana iliweza viwanja vibovu.

Naona Hurricane imedhulumiwa. Iliruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, sehemu ya nyuma ya mwili wake ikiwa mabomba ya chuma na mbao zilizovikwa kitambaa, ufundi wa kizamani. Miezi minne baadaye, 5 Machi 1936, ikaja Spitfire, ngozi yake ya bati jepesi, na sifa zote zikaifuata. Lakini katika vita vya anga vya kuilinda Uingereza mwaka 1940, Hurricane ndizo zilizokuwa nyingi na ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za adui. Hata kwetu zilifika: mwishoni mwa mwaka huo huo Waafrika Kusini walizirusha kutoka Kenya kuwapiga Waitaliano.

Jumamosi, 11 Mei

Jua, upepo wa ubavuni. Ndege inakuja imegeuza pua kidogo upande wa upepo, kama haitazami njia. Dakika ya mwisho unainyoosha kwa usukani wa mkia na kushusha chembe bawa la upande wa upepo. Gurudumu moja linagusa kwanza. Kwa upana wa miguu ile, la pili linafuata bila ugomvi.

Njiani kurudi nilimfikiria Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili, na vita vilipoanza mwaka 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Septemba 1940 alivunjika fuvu katika jangwa la Afrika Kaskazini. Hakuangushwa na mtu. Alikuwa na ndege ya Gladiator, hakukiona kiwanja alichoelekezwa, mafuta yakawa yanaisha, akalazimika kutua mahali pasipotulika. Alipopona walimpa Hurricane, akapigana nayo Ugiriki mwaka 1941.

Jioni mpwa wangu wa Leicester kapiga simu. "Shikamoo mjomba, nimeiona Spitfire, bei ya kutupa. Ndiyo yenyewe, au?" Nimemwambia anunue Hurricane, na betri mbili, na aje kwangu na pua yake tuipime kabla hajaenda uwanjani. Spitfire aiache hadi mwakani, akishakuwa na pesa za propela.