Mikate ya Maboga na Mdalasini

Nataka kuwaeleza habari ya mikate ya maboga, nayo ndani yake mna aibu yangu kidogo.

Sisi twakaa Minneapolis, katika Marekani. Huko, mwezi wa Oktoba, majani ya miti hugeuka rangi yakapukutika, na asubuhi nyingine huona umande umeganda juu ya nyasi. Ndiyo majira ya maboga. Yamejaa sokoni na mbele ya milango ya watu, na wenyeji hupenda kuyatia katika mikate midogo ya kuviringishwa, yenye sukari na mdalasini ndani, iliwayo moto moto asubuhi pamoja na kahawa.

Mwaka 2018 mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga kututazama. Baridi ilimshika, akawa hali kitu asubuhi ila chai tupu. Mkate wa dukani aliubonyeza kwa kidole, akasema, "Huu ni pamba." Basi nikakusudia kumpikia mikate ya boga kwa mkono wangu. Alipotaka kunisaidia nalimwambia, "Kaa, Mama, upumzike; mambo ya jiko hili huyajui." Neno hilo nalijutia hata leo, maana yeye alipika maandazi ya kuuza miaka mingi, na ada ya shule ya mume wangu ilitoka katika karai lile.

Nikafanya haraka. Maziwa yalikuwa yametoka motoni, nikayamwagia hamira vivyo hivyo. Boga nalo nalitwaa lile kubwa ambalo watu hulichonga sura, nalo lina nyuzi na maji mengi. Nikangoja muda wa saa tatu, unga haukuumuka. Nikaoka tu. Watoto waliuma mara moja wakaweka chini. Mama akala mkate wake wote asiseme neno, na hilo liliniuma kuliko kulaumiwa.

Usiku nikamwendea. "Mama, nifundishe."

"Maziwa uliyapima kwa nini, mwanangu?"

"Kwa macho."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Kesho yake akachagua boga dogo, zito, akalioka, akaliponda, kisha akalikausha juu ya moto mdogo hata mwiko ukasimama wenyewe. Akachovya kidole katika maziwa, akasema yawe kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Nalipima kwa kipimajoto: nyuzi 38.

Vipimo vyetu ni hivi. Unga wa ngano vikombe vinne na nusu, boga lililopondwa kikombe kimoja, maziwa nusu kikombe, yai moja, sukari robo kikombe, siagi gramu 60, chumvi kijiko kidogo, hamira gramu 7. Kanda hata ulainike, uufunike mpaka uwe mara mbili. Mama alitaka mdalasini uingie katika unga, nami nikamzuia, kwa kuwa mdalasini mwingi huipunguzia hamira nguvu. Mahali pake ni ndani, pamoja na siagi na sukari ya kahawia. Akakubali, ila akaongeza iliki bila kuniuliza.

Tulisukuma unga kama chapati ya pembe nne, tukapaka, tukauviringisha. Kisu kiliuponda, basi Mama akatoa uzi katika kikapu chake cha kushonea, akaupitisha chini, akavuka ncha zake juu na kuvuta: vipande kumi na viwili, vyote vya mviringo. Nilipotia sinia katika friji ilale humo, aliona nimeiua hamira tena. Nikamwambia baridi huilaza tu. Hakuamini, saa kumi na moja alfajiri nalimkuta amekaa jikoni na kanga mabegani, akiitazama. Tuliiacha nje kama saa moja, ikaumuka, tukaioka kwa nyuzi 180 muda wa dakika 25. Siku ile alikula mitatu.

Alirudi kwao mwezi wa Desemba. Kule hana joko. Huoka katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Baadaye alinipigia simu kuniambia kwamba majirani wameuliza bei.