Daraja la Görlitz

Wazazi wenzangu, mkipata nafasi tembeleeni Görlitz, mji wa Ujerumani ulio mpakani na Poland. Mwaka 1945 mpaka ulifuata mto Neisse, mji ukagawanyika. Ng'ambo ikawa Zgorzelec. Daraja la mji wa kale, lililolipuliwa vitani, lilijengwa tena mwaka 2004. Nililivuka kwa miguu na binti yangu, tukiiacha nyuma minara miwili ya kanisa la Peterskirche. Akaniuliza, kwa Kijerumani: "Mama, mbona walichelewa kulijenga?"

Nikanyamaza. Nikitoka zamu ya usiku nimechoka, humwacha anijibu Kijerumani, na bibi yake aliye Tanga haelewi hata neno. Sasa kila Jumapili anampigia bibi simu mwenyewe. Hukwama, hucheka, huendelea. Nanyi jaribuni.