Kima Punju na Ramani Zake

Jina ndilo ramani ya kwanza ya kiumbe. Kabla mtu hajachora mstari wala kupima mraba, lugha imekwisha kuonyesha kiumbe huyo amewekwa wapi na watu: karibu au mbali, penye mapenzi au penye shaka. Kisiwani Unguja yuko kima mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizomzunguka uso, ambaye asili yake haipatikani kwengine popote duniani. Wenyeji wamemwita kima punju, yaani kima wa sumu. Husimuliwa kwamba harufu yake si ya kima wengine, na kwamba mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Mwaka 1868 wataalamu wa Ulaya walimpa jina la Kilatini kwa heshima ya John Kirk, tabibu Mskoti aliyekuwa akitumikia ubalozi wa Uingereza Unguja. Jina moja limebeba hofu na jengine limebeba heshima ya mtu mwengine. Yeye mwenyewe hakuna lililomuuliza ana shida gani.

Swali hilo la shida limekuja kuulizwa na ramani. Mwaka 2019 watafiti walioongozwa na James Allan wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitandaza juu ya picha ya dunia maskani ya spishi 5,457 za ndege, mamalia na amfibia walio hatarini, kisha wakatandaza juu yake shughuli za wanaadamu: mashamba, malisho, miji, barabara, reli na taa za usiku. Walipotazama mahali vitu hivyo viwili vinapokutana, waliona kuwa spishi 1,237 zimeguswa na madhara katika zaidi ya asilimia 90 ya maskani yao, na spishi 395 hazikubakiwa hata na pembe moja iliyo salama. Madhara hayo yameenea asilimia 84 ya nchi kavu yote.

Hapana shaka kazi hiyo ni kubwa, na mwenye macho hawezi kuitazama bila ya kushtuka. Lakini ramani ile imechorwa kwa miraba ambayo kila upande wake ni kilomita 30, sawa na kilomita 900 za eneo. Unguja nzima, kwa kilomita zake za eneo zipatazo 1,600, haijazi miraba miwili. Katika mraba mmoja huingia Jozani na Chwaka, msitu na mikoko, konde na hoteli, kima na mwindaji wake, vyote vikapakwa rangi moja. Ramani ya dunia hujua kuwa mgonjwa anaumwa. Palipo na jeraha hujulikana na aliye karibu.

Mfano ni barabara. Njia iendayo pwani ya kusini-mashariki hupita kando ya msitu wa Jozani, na katika miaka ya 1990, ilipotiwa lami, magari yalianza kwenda kasi. Ikakadiriwa kuwa kima mmoja hugongwa na kufa kila baada ya wiki mbili au tatu. Yakajengwa matuta machache. Uchunguzi wa baadaye ulikuta kifo kimoja katika wiki sita hivi. Matuta hayo hayaonekani katika ramani yoyote ya dunia, ila mama kima na mwanawe huvuka hapo wakiwa hai. Hata hivyo, kifo kimoja katika wiki sita bado ni kifo.

Mfano wa pili ni mnazi. Mkulima humuona kima akila vidaka, naye huhesabu nazi zilizopotea. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, kwani mnazi ni karo ya mtoto na kitoweo cha jioni. Lakini watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, katika kazi yao iliyotoka mwaka 1999, walikuta kwamba palipoliwa vidaka vingi mavuno ya nazi hayakupungua. Kiswahili kimeligusa jambo hili tangu zamani: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Aliyezitenga daraja hizo kwa majina alijua kuwa njia ni ndefu, na kwamba si kila kidaka hufika mwisho wake.

Kisha kuna makaa. Kima wakaao karibu na mashamba hula majani ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazosumbua tumbo, na huonekana wakiokota makaa na kuyatafuna. Inaaminika kuwa makaa hunyonya sumu hiyo. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Basi tanuri lile lile linalomaliza msitu humwachia kima dawa yake. Ramani itampaka mchoma makaa rangi gani?

Jozani na Ghuba ya Chwaka zilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Sensa ya miaka miwili, iliyoongozwa na Tim Davenport na wenzake kwa kutembea msitu kwa msitu, ilikuta kima zaidi ya 5,800, mara tatu ya walivyodhaniwa. Habari hiyo ni njema, lakini ina upande wake wa pili: katika misitu minne kima walikuwa wametoweka, watoto wanaofikia utu uzima ni wachache, na wapo wanaoishi nje ya hifadhi, ambako ardhi inalimwa, inajengwa na inauzwa kwa utalii.

Simba akifukuzwa Serengeti huenda akasalia kwengine. Kima punju hana kwengine. Kwa hiyo ramani itakayomfaa lazima iwe na maneno ya mahali pake: konde la nani, tanuri liko wapi, tuta gani limelika, kichaka kipi kimewekewa alama za kiwanja. Maneno hayo hayamo katika satelaiti. Yamo vinywani mwa watu wa Pete, Jozani na Chwaka, nao wanahitaji kuulizwa kabla ya kiwanja kinachofuata kufyekwa.